Jicho la Angani na Bamvu la Lamu

Vyombo visivyo na watu, vinavyorushwa angani vikiwa na kamera, vihisi na redio, ndivyo vilivyoipatia dunia sehemu kubwa ya picha zake, na mazungumzo haya yanahusu namna picha hizo zinavyovionyesha visiwa vya Lamu, namna zinavyovificha, na sababu za kuwataka wenyeji wa visiwa hivyo wazisome wao wenyewe. Chombo cha aina hiyo kikiwa kinaizunguka dunia huitwa setilaiti, na kikielekezwa mwezini au kwenye sayari nyingine huwa ni chombo cha safari za mbali. Vyote viwili ni roboti, yaani mashine zinazofuata maagizo yaliyopangwa mapema au yanayotumwa kwa redio, bila ya mkono wa binadamu kugusa chochote pale chombo kilipo.

Picha ya kwanza ya dunia kupigwa kutoka jirani ya mwezi ilipigwa na chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Orbiter 1, tarehe 23 Agosti 1966, wakati kilipokuwa kikitafuta mahali ambapo wanaanga wangeweza kutua. Katika picha hiyo uso wa mwezi, wenye mashimo na makunyanzi, umetanda mbele, na nyuma yake dunia imechomoza ikiwa hilali, kwa kuwa ni kipande tu cha upande ulioielekea kamera kilichokuwa kikipata jua. Upande wote ulio mashariki ya mstari wa kutoka Istanbul hadi Cape Town ulikuwa gizani. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa moja na nusu usiku, na Lamu ilikuwa ndani ya giza hilo. Watu wa pwani ambao tangu zama za mababu wamekuwa wakipanda juu ya madari na kusimama ufuoni kuutazama mwandamo, ili wajue kama kesho ni siku ya kufunga au ya kula, wana sababu ya pekee ya kuithamini picha hii, kwani inaonyesha kwamba anayesimama mwezini naye huiona dunia ikiandama, ikikua na kupungua.

Baada ya hapo vyombo vilikwenda mbali zaidi. Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kiligeuza kamera yake nyuma tarehe 14 Februari 1990, kikiwa umbali wa kilomita zipatazo bilioni 6, na dunia ikatokea kama nukta iliyo ndogo kuliko pikseli moja, pikseli ikiwa ni kile kipande kidogo kabisa cha mraba ambacho kwa wingi wake picha huundwa. Picha za mbali kiasi hicho haziwezi kutenganisha bara na bahari, sembuse visiwa vya Manda na Pate, na kwa hiyo zinaachwa hapa, pamoja na heshima zake, ili nafasi kubwa ibaki kwa vyombo vinavyokaa karibu.

Kipo kimoja, kati ya hivyo vya karibu, ambacho kwa miaka kadhaa kiliifanya Lamu kuwa karibu kitovu cha picha yake. Setilaiti ya hali ya hewa ya Meteosat-8, mali ya shirika la Ulaya liitwalo EUMETSAT, ilisogezwa mwaka 2016 ili iitazame Bahari ya Hindi, ikawekwa juu ya ikweta kwenye nyuzi 41.5 za longitudo ya mashariki, umbali wa kilomita 36,000 kutoka ardhini, mahali ambapo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na hivyo huonekana kama iliyotundikwa pahali pamoja. Mji wa Lamu uko kwenye nyuzi 40.9 mashariki, na umepungua kusini ya ikweta kwa nyuzi 2 na kidogo. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama kwenye gati la Amu, kama wenyeji wanavyoiita Lamu, na kuinua uso juu kabisa, utosi ukielekea nyuma, alikuwa akiitazama setilaiti ile karibu ana kwa ana, ingawa macho hayangeweza kuiona, nayo ilikuwa ikimpiga picha kila baada ya dakika 15, usiku na mchana. Mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na Meteosat-9, iliyowekwa mbele kidogo, kwenye nyuzi 45.5. Picha za setilaiti hizi ni kwa ajili ya mawingu, mvua na tufani. Kwa kuwa pikseli yake, katika mawimbi mengi ya mwanga zinayoyapima, ina upana wa kilomita 3 hivi, kisiwa kizima cha Amu, pamoja na mji wake, Shela yake, Matondoni na Kipungani, hukaa ndani ya pikseli chache tu.

Pwani ya Kenya yenyewe si mgeni katika kazi hii. Kusini ya Lamu, mwendo wa kilomita mia moja na ushee, pako Ngomeni karibu na Malindi, na baharini mbele yake ndipo Waitaliano walipoliweka jukwaa la San Marco, ambalo kutoka kwake setilaiti zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988. Iliyo mashuhuri zaidi ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, nayo kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Lakini Uhuru haikutumwa kuitazama dunia, bali kuzitafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, na ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilichukua zaidi ya nusu karne mpaka Kenya ipate setilaiti yake ya kuitazama ardhi yake, Taifa-1, ambayo ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, na ilirushwa kutoka California, wala si Ngomeni.

Kwa hiyo historia ya Lamu kama inavyoonekana kutoka juu imeandikwa, kwa sehemu kubwa, na mfululizo wa setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Pikseli ya kamera yake kuu ilikuwa na upana wa mita 80 hivi. Ile ya Landsat 4, ya mwaka 1982, ilishuka hadi mita 30, na kipimo hicho ndicho kinachoendelea mpaka Landsat 9 iliyorushwa mwaka 2021. Ulaya nayo ikaongeza Sentinel-2, ambayo chombo chake cha kwanza kilirushwa mwezi Juni 2015, na ambayo katika mawimbi yake bora huona kwa pikseli ya mita 10. Tarakimu hizi hazina maana mpaka zifikishwe nyumbani. Vyumba vya nyumba za kale za Amu ni vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi, kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa mawe na chokaa ikivuka urefu huo. Basi pikseli moja ya Sentinel-2 humeza vyumba vitatu vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, na pikseli moja ya Landsat humeza nyumba, ua wake, uchochoro ambao punda wawili wenye mizigo hawapishani, na nyumba ya upande wa pili, vyote vikachanganywa vikawa rangi moja.

Kinachozipa setilaiti hizi nguvu, licha ya ukungu huo, ni kwamba huona mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Majani mabichi hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, lakini huurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, yaani ule unaofuata mara baada ya mwekundu na ambao binadamu hauoni. Maji, kinyume chake, huunyonya karibu wote. Wataalamu wanapoitengeneza picha ili infraredi ionyeshwe kwa rangi nyekundu, majani yote huwaka kama makaa, maji huwa meusi, na misitu ya mikoko, kwa kuwa ni majani yaliyosimama juu ya tope na maji, hupata wekundu mzito uliokolea, tofauti na wekundu mwepesi wa mashamba na vichaka vya bara. Anayeiangalia picha ya Lamu iliyotengenezwa hivyo huiona mikoko ikizishika kingo za Manda na Pate, ikiujaza mkono wa bahari wa Dodori, ikiufuata mlango wa bahari uitwao Mkanda pande zote mbili, na mikono ya maji ikiingia ndani yake kwa matawi yanayozidi kuwa membamba kama mishipa ya damu. Upande wa kusini wa kisiwa cha Amu, vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo chini yake yamehifadhiwa maji matamu ya mji, hutoka kama ukanda mweupe usio na doa.

Kwa picha hizo ndipo mikoko ya Kenya ilipohesabiwa. Utafiti uliotumia picha za Landsat na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mwaka 2010 nchi ilikuwa na hekta 45,590 za mikoko, na kwamba tangu mwaka 1985 ilikuwa imepoteza asilimia 18, sawa na asilimia 0.7 kila mwaka. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, uliotolewa mwaka 2017, ukataja hekta 61,271, na kati ya hizo hekta 37,350, yaani asilimia 61, zikiwa za kaunti ya Lamu. Tofauti kati ya jumla hizi mbili ni zaidi ya hekta 15,000, na hakuna msitu wa mikoko unaoota kwa kasi hiyo katika miaka saba. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huenda ni ya wasomaji wa picha: mmoja huweza kuamua kwamba ukingo wenye miti haba ni msitu, mwingine akauhesabu kuwa tope, mmoja hutumia picha za aina moja, mwingine akachanganya na nyingine. Hili halipaswi kumfanya mtu azidharau picha. Linapaswa kumfanya aulize, kila anapotajiwa hekta, ni nani aliyeuchora mpaka na kwa picha ya siku gani.

Na neno siku, hapa Lamu, lina uzito ambao wasomaji wa mbali huwa hawautambui. Landsat na Sentinel-2 zimewekwa katika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, iliyopangwa ili chombo kipite juu ya kila mahali kwa saa ile ile ya jua, makusudi vivuli visibadilike sana kati ya picha na picha. Kwa Lamu saa hiyo huangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Bahari nayo ina saa zake. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa kabisa alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kwenye saa ile ile setilaiti inapopita. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hujaa kwa unyonge. Matokeo yake ni kwamba jicho hili la angani, lingepita miaka hamsini, huiona Lamu ya bamvu ikiwa imevuliwa maji, mafungu yako nje, mwani na miamba ya Kiwayu vikianikwa na jua, akina mama wako mwambani wakiokota vyombe na kutafuta pweza. Au huiona Lamu ya maji mafu ikiwa imejaa nusu. Bamvu lililojaa, lile linalopanda karibu mita 3 juu ya kupwa, linaloingia mpaka nyuma ya mikoko na kuyalowesha majangwa ya chumvi, na ambalo ndilo lililowafungulia manahodha njia ya Mkanda na mikono ya maji ya kuelekea miji ya Siyu na Pate, hilo setilaiti hizi za asubuhi haziwezi kulipiga picha, kwa sababu hutokea zikiwa hazipo.

Hii si kasoro ndogo. Mtu aliyeketi Nairobi au ng'ambo akichora ramani ya mpaka wa bahari kwa picha hizo tu, ataiita nchi kavu sehemu ambayo mara mbili kwa mwezi ni bahari, na sehemu hiyo ndiyo inayogombaniwa na wenye kutaka viwanja. Ataziona pia picha mbili zilizopishana kwa mwaka mmoja, moja ya bamvu na nyingine ya maji mafu, akadhani ukingo wa mikoko umerudi nyuma au tope limeongezeka, kumbe kilichobadilika ni mwezi. Dawa yake inajulikana: kila picha ina tarehe na dakika, na kila tarehe ina mwezi wake; anayejua kuhesabu bamvu na maji mafu, na Lamu mvuvi asiyejua hesabu hiyo hapatikani, anaweza kuitazama tarehe na kusema maji yalikuwa wapi kabla hata ya kuiona picha. Elimu hii ambayo mtoto hupewa na babake ndani ya dau ni sehemu ya sayansi ya kuzisoma picha za angani, wala haipaswi kuhesabiwa kuwa ni mambo ya kienyeji ya kusindikiza ripoti.

Kipo kingine kinachoonekana kwa karibu tu. Mkata mikoko huingia msituni maji yakiwa yametoka, tope likimfika magotini, shoka begani, na hupita miti mingi kabla ya kuupata anaoutaka, kwa sababu soko humtaka alete miti kwa daraja zake, kuanzia fito na pau, kisha mazio, boriti na nguzo, mpaka banaa iliyo nene. Akikata boriti mbili hapa na tatu kule, miti iliyobaki huyatandaza majani yake na kuliziba pengo, na kutoka juu msitu huonekana mzima, mwekundu vile vile, ilhali ndani umekwisha miti iliyonyooka na kubakiwa na iliyopinda. Setilaiti husema kweli inaposema kwamba msitu upo; haina habari kwamba boriti imeadimika. Biashara hiyo ya miti ilizipeleka boriti za Lamu mpaka Arabuni kwa majahazi ya msimu, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, na historia hiyo yote ya kuchagua na kukata haiwezi kusomwa katika rangi za picha bila ya kumuuliza aliyeshika shoka.

Mahali ambapo picha zina ushahidi ulio wazi kabisa ni Kililana, upande wa bara unaoielekea Manda, ambapo ujenzi wa bandari mpya ya Lamu ulianzishwa rasmi tarehe 2 Machi 2012 na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Gati tatu za mwanzo, kila moja ikiwa na urefu wa mita 400, zikiungana ni mita 1,200, sawa na pikseli 40 za Landsat au 120 za Sentinel-2, na kwa hiyo mtu anaweza kuzipanga picha za mwaka baada ya mwaka na kuona ufuo uliokuwa umepinda kwa matope na mikoko ukinyooshwa, ukawa mstari wa rula. Wavuvi walikwenda mahakamani kuhusu ujenzi huo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uchimbaji wa kina cha bahari hutibua mashapo, yaani udongo na mchanga ulioelea majini, na mashapo hubadilisha rangi ya maji kiasi cha kuonekana kutoka kilomita mia saba juu. Mvuvi anayesema kwamba mahali fulani maji yalichafuka na samaki wakahama ana, kwa mara ya kwanza katika historia ya pwani hii, shahidi asiyemjua yeye wala anayeshitakiwa, ambaye huenda alipita siku zile na kuweka kumbukumbu.

Shahidi huyo hadai malipo. Picha za Landsat, ambazo zamani moja iliuzwa kwa mamia ya dola, hutolewa bure kwa kila mtu tangu mwaka 2008, na za Sentinel ni bure tangu mwanzo. Hapa Kenya kipo kituo cha kikanda cha upimaji ramani, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kilichoko Kasarani, Nairobi, ambacho kazi yake ni kuzifundisha nchi wanachama namna ya kuzitumia. Kinachokosekana ni daraja kati ya Kasarani na Kizingitini, kisiwani Pate. Shule za sekondari za Lamu hufundisha jiografia kwa picha za mabonde na mito ya nchi za mbali, hali picha ya Mkanda ipo na haina gharama. Ofisi za mipango hupokea ramani zilizochorwa kwingine, ambamo mafungu, milango na mikono ya maji ambayo kila nahodha huiita kwa jina imeachwa mitupu, kana kwamba haijapata kuitwa chochote. Haifai kuachwa hivyo. Picha hizi zichapishwe kwa ukubwa wa meza, zipelekwe Faza, Siyu, Matondoni na Kiwayu, ziwekwe mbele ya wavuvi, wakata mikoko na akina mama wa mwambani, na majina wanayoyataja yaandikwe pale pale wanapoweka kidole, pamoja na maneno yao kuhusu wapi maji hufika bamvu likijaa.

Msimu mzuri wa kuanza ni wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mawingu yanapokuwa machache. Landsat 8 na Landsat 9 hupokezana, na kwa hiyo moja kati yake hupita juu ya visiwa vya Lamu kila baada ya siku 8, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.